Naomba ushauri: tela limebana foklifti ghalani, bosi anataka kukata mshahara wote

Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva wa semitela hapa Dar. Wiki iliyopita nilikuwa narudi rivasi kwenye jukwaa la kupakulia mzigo, ghala moja la Barabara ya Nyerere. Utingo alisimama kushoto, kulia ambako kioo hakioni alisimama mlinzi wa ghala, akisema "rudi, rudi". Kumbe kuna foklifti imeachwa pale. Kona ya tela ikaibana, mlango wa nyuma ukapinda. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, maana vijana wa kupakua husimama palepale.

Bosi anasema atakata mshahara wote hadi deni liishe, na kaniletea karatasi nikiri kosa. Sijasaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka nielezwe kwa maandishi, nipewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Picha nilipiga kabla gari halijasogezwa.

Je, niende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) sasa au nisubiri akate kwanza? Na bima kubwa (ile inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe) hulipa ajali iliyotokea ndani ya uzio wa ghala? Trafiki hawakuitwa.