Mjadala: Je, Isaac Stephenson alinunua kiti chake cha Seneti ya Marekani?

Mleta mada: Stephenson alizaliwa New Brunswick, Kanada, mwaka 1829, akaingia jimbo la Wisconsin, Marekani, 1845, akatajirikia mbao huko Marinette, mto Menominee unapomwaga maji ziwani. Septemba 1908, akiwa na miaka 79, alitumia dola 107,793 kwenye kura za maoni za chama cha Republican, za kuteua mgombea, ili abaki seneta. Uchunguzi ukafuata, na Machi 1912 Seneti ikamwacha kitini kwa kura 40 dhidi ya 34. Walitenda haki?

Bandari: Alinunua. Mshahara wa seneta ulikuwa dola 7,500 kwa mwaka, yaani 45,000 kwa miaka sita. Nani anamwaga zaidi ya mara mbili ya hizo kwa kupenda utumishi tu? Tazama na njia ambazo hela zilipitia. Zilitoka kwake zikaenda kwa mameneja wa kampeni, wao wakawapa mawakala wa kaunti, mawakala wakagawa huko chini, na hesabu zikapotelea njiani. Nyingine zilifika kwa watu waliokuwa wakigombea bunge la jimbo. Hapo ndipo penye uozo, maana wakati huo seneta alichaguliwa na bunge hilo, si na wananchi. Ukimlipa mgombea eti "akupigie debe", umemlipa mtu atakayekupigia kura baadaye.

Kalamu Nyekundu: Mkuu, gawanya kwanza. Wisconsin ilikuwa na kaunti 71, kwa hiyo ni kama dola 1,500 kwa kaunti. Redio hakuna, kuna matangazo ya magazeti, mabango, stempu, usafiri na posho za wapiga debe. Sheria ya jimbo haikuweka kikomo, ilitaka tu mgombea atoe orodha ya matumizi. Aliitoa. Halafu bunge la jimbo lilivutana tangu Januari mpaka Machi 4, 1909 ndipo akapita. Kama aliwanunua, basi aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mto Juu: Mnaanzia 1908, mimi naanzia mtoni. Magogo yalikatwa majira ya baridi kwa sababu sleji, magari ya kuburuta yasiyo na magurudumu, huteleza kwenye barabara ya barafu. Barabara yenyewe ilimwagiwa maji ili igande. Kila gogo liligongwa alama ya mwenyewe kwa nyundo. Theluji ikiyeyuka, yote yalisukumwa mtoni kwa mkupuo, mali ya kampuni nyingi ikiwa imechanganyika. Theluji ikiwa haba, maji hupungua na magogo hukwama mpaka mwaka unaofuata. Karibu na mdomo wa mto yalizuiwa kwa mnyororo wa magogo yaliyofungwa pamoja, yakachambuliwa kwa alama, kila mwenye mali akilipia huduma. Stephenson ndiye aliyeongoza kampuni ya uchambuzi huo Menominee. Mtu wa namna hiyo anajua faida ya kukaa pale ambapo kila mtu lazima apite.

Ndivyo alivyokaa kwenye siasa. Alimfadhili La Follette, mwanasiasa wa mageuzi wa Wisconsin, na mwaka 1901 alianzisha gazeti la Milwaukee Free Press kumuunga mkono. La Follette akapigania sheria ya kura za maoni, wananchi wakaipitisha 1904, lengo likiwa kuwanyang'anya vigogo wa chama uteuzi. Lakini zamani ulishawishi wajumbe wa mkutano mmoja. Sasa inabidi uwafikie wapiga kura wa jimbo zima. Gharama ikapanda, na tajiri akafaidi.

Bandari: Hilo la gharama nakubali. Lakini ona seneta Lorimer wa jimbo la Illinois: Julai 1912 Seneti hiyohiyo ilimvua kiti, kwa kuwa huko wabunge wa jimbo walikiri kupokea hela. Kwa Stephenson kilichokosekana ni ungamo.

Kalamu Nyekundu: Na bila ungamo ulitaka wahukumu kwa lipi? Kikomo cha dola 10,000 kwa wagombea wa Seneti kilipitishwa na Kongresi, bunge la Marekani, mwaka 1911, miaka mitatu baadaye.

Mto Juu: Ndiyo maana sioni jinsi Marekebisho ya 17 ya Katiba ya mwaka 1913, yaliyowapa wananchi kura ya moja kwa moja ya kumchagua seneta, yangemzuia. Sehemu kubwa ya zile dola aliitumia kuwatafuta wananchi haohao.