Ulinganisho: chuo Ulaya, jumba la opera, au kuunda okestra nyumbani? Njia ya kuwa mwongozaji wa okestra

SautiNne (Morogoro), mleta mada

Wakuu, salamu. Nina miaka 25 na nafundisha kwaya ya kanisa tangu nikiwa kidato cha tatu. Solfa nasoma bila kufikiri, stafu, yaani nota za mistari mitano, nilijifunza ukubwani, piano napiga kiasi cha kusindikiza kwaya. Pasaka ya mwaka juzi nilipewa kundi la nyuzi la watu 11 lisindikize kwaya yetu. Nikanyanyua mkono, nikashusha. Fidla ziliingia kama punje za mahindi zinazomwagwa kwenye sinia, moja hapa, moja pale. Kwaya yangu haijawahi kunifanyia hivyo. Mapumziko yalipofika, mzee mmoja anayepiga chelo akanivuta pembeni: "Mwalimu, hukutupa pumzi."

Tangu siku hiyo nataka kujifunza kazi hii hasa. Naona njia tatu: chuo Ujerumani, chuo Helsinki kule Finland, au nibaki hapa nikusanye wapigaji niunde okestra ndogo. Fedha za kujaribu mbili sina. Waliopita huko, nilinganishieni. (Nasema mwongozaji, kwa sababu ukisema kondakta hapa Morogoro watu wanafikiria daladala.)

CheloMoja (Nairobi)

Karibu SautiNne. Nianze na Helsinki, maana watu wengi husikia sifa zake bila kujua zimetoka wapi.

Chuo chenyewe ni Sibelius Academy, na mtu wa kumfahamu ni Jorma Panula, aliyefundisha uongozaji pale kuanzia 1973 hadi 1993. Kwake walipita Esa-Pekka Salonen, Jukka-Pekka Saraste, Osmo Vänskä, Sakari Oramo, Mikko Franck, na baadaye sana Klaus Mäkelä, aliyezaliwa 1996 na kukabidhiwa okestra ya Oslo Philharmonic, Norway, mwaka 2020. Finland ina watu milioni tano na nusu tu. Hiyo si bahati. Panula aliwasimamisha wanafunzi mbele ya okestra halisi ya darasa, tena na tena, na kila kitu kikarekodiwa kwa video. Ukimaliza unakaa kitini unajitazama: mabega yamepanda, mkono wa kushoto unaiga wa kulia, macho yamezama kwenye karatasi. Hakuna mwalimu anayeweza kukueleza hayo ukaamini kama unavyoamini ukiyaona mwenyewe.

Ila tazama jambo jingine. Salonen alikuwa mpiga horni. Vänskä alipiga klarineti katika okestra. Oramo alikuwa kiongozi wa fidla wa okestra ya redio ya Finland kabla ya kuingia mwaka 1993 badala ya mwongozaji aliyeugua. Susanna Mälkki alikuwa mpiga chelo wa kwanza wa okestra ya Gothenburg, Sweden. Wote walikaa miaka kwenye viti vile, wakiongozwa vizuri na wakiongozwa vibaya. Wewe umetaja piano na sauti. Nakuuliza kwa upendo: umewahi kukaa ndani ya okestra na chombo mkononi?

SautiNne

Sijawahi, mkuu. Hilo limenigusa.

Obo_na_Mwanzi (Tanga, sasa Ujerumani)

Kaka, mimi napiga obo, chombo cha kupuliza, si mwongozaji, lakini kila wiki naongozwa. Wacha nieleze njia ya hapa, kwa sababu wewe una piano, na huku piano ndiyo mlango.

Ujerumani ina majumba mengi ya opera, hata katika miji midogo. Kila jumba lina mtu anayeitwa korepetita. Kazi yake ni kukaa kwenye piano akiwafundisha waimbaji majukumu yao, mmoja mmoja, huku akipiga okestra nzima kwa vidole kumi na kuimba sehemu za waimbaji wasiokuwepo. Miezi inapita hivyo. Kisha mwongozaji anaugua, au anachelewa treni, na korepetita ndiye pekee anayeijua kazi hiyo mpaka pumzi ya mwisho ya kila mwimbaji. Anashuka shimoni kwenye okestra na fimbo. Christian Thielemann alianza hivyo Deutsche Oper ya Berlin akiwa na miaka 19. Joana Mallwitz naye alianza Heidelberg akiwa na miaka 19, akaingia Madama Butterfly kwa taarifa ya saa chache tu. Leo ndiye mwongozaji mkuu wa Konzerthausorchester Berlin. Nimemtaja kwa makusudi, kwa ajili ya madada wanaosoma uzi huu kimya.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Kirill Petrenko. Kazaliwa Omsk, kasoma Austria, kaanza jumba la opera la Volksoper, Vienna, kisha 1999 akaenda Meiningen, mji mdogo mno. Mwaka 2001 aliongoza pale opera zote nne za Ring ya Wagner kwa siku nne mfululizo. Baadaye Komische Oper Berlin, baadaye Munich, na mwaka 2015 wapigaji wa Berlin Philharmonic wakamchagua kwa kura zao wenyewe, akaanza 2019. Ngazi moja moja, hakuruka hata moja.

Ubaya wa njia hii nao nitausema. Mtihani wa kuingia chuoni ni mgumu. Watakuwekea nota kamili, zile zenye mistari ya vyombo vyote, na utatakiwa kuzipiga kwenye piano papo hapo: viola ina ufunguo wake (alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha nota ziko wapi), klarineti kwa kawaida huandikwa toni moja juu ya inavyosikika, horni kwinti moja juu, yaani ikiandikwa do inasikika fa ya chini. Ukikaa kuhesabu, umeshachelewa. Na piano ya kusindikiza kwaya haitatosha, samahani kwa kusema wazi.

Fedha: vyuo vya serikali majimbo mengi havitozi ada ya masomo, ila Baden-Württemberg hutoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kinachowaumiza wengi ni viza. Lazima uonyeshe fedha za kuishi mwaka mzima kwenye akaunti maalumu iliyofungiwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904. Helsinki nako, programu za Kiingereza zinawatoza ada watu wa nje ya Ulaya tangu 2017. Usije ukasikia "Ulaya bure" ukauza kiwanja.

Mwana_wa_Kivu (Bukavu)

Nawasalimia wote. Mumezungumza Ulaya, sasa mimi nirudi kwetu Congo.

Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani wa ndege aliyekuwa amepoteza kazi, alianzisha okestra Kinshasa katika kanisa la Kimbangu. Yeye ni mjukuu wa Simon Kimbangu mwenyewe, aliyelianzisha kanisa hilo. Hakusoma uongozaji chuoni. Alijifunza nota mwenyewe, akafundisha watu, na wale wakafundisha wengine. Fidla zilikuwa chache kuliko watu, zikapigwa kwa zamu. Uzi ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Mchana watu wako sokoni na kwenye karakana, jioni wako mazoezini, umeme ukizimika wanaendelea. Watu hao walifika mpaka Symphony ya Tisa ya Beethoven, pamoja na kwaya. Mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ilimfanya mwanachama wa heshima.

Ndugu SautiNne, wewe una kwaya tayari. Una kanisa lenye ukumbi. Watu wanakuja unapowaita. Hivyo ndivyo vitu ambavyo hakuna chuo kinaweza kukupa.

Fimbo_Fupi (Dar es Salaam)

Namheshimu sana Diangienda, na niliposikia kuhusu waya za breki nilikaa kimya muda mrefu. Lakini naogopa kumwambia kijana abaki nyumbani kana kwamba shule haina kazi. Mimi nilibaki. Miaka sita niliongoza kundi la watu 14 bila mtu wa kunisahihisha. Siku moja nilimsimamisha kijana wa klarineti mara tatu nikimwambia anakosea. Mara ya nne akaniletea karatasi yake. Alikuwa amepiga kilichoandikwa. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma mstari wake kama vile ni fidla. Alikuwa na miaka 15 na aliona aibu kwa ajili yangu. Kosa hilo mwalimu angelinitoa wiki ya kwanza.

Na tahadhari moja kuhusu kozi fupi za nje. Nililipia moja ya siku tano, sitaitaja. Nauli, viza, hoteli, vyote mfukoni kwangu. Katika siku hizo tano nilisimama mbele ya okestra dakika nane. Kabla hujalipa, andika barua uulize: nitapata dakika ngapi mbele ya wapigaji, ni wapigaji wangapi, na nitapewa video? Wasipojibu kwa tarakimu, acha.

Bint_Udi (Muscat)

Babu zangu ni wa Unguja, mimi nimekulia Oman, basi nichangie ya huku. Mwaka 1985 Sultan Qaboos, Mungu amrehemu, aliamuru iundwe okestra ya Waomani wenyewe. Vijana walichukuliwa wakiwa hawajawahi kushika fidla, wakafundishwa kutoka mwanzo kabisa. Leo Royal Oman Symphony Orchestra ipo, na mwaka 2011 Royal Opera House ilifunguliwa hapa Muscat. Nimeleta hili kwa sababu Mwana_wa_Kivu na Fimbo_Fupi wanapingana kama vile kuna nyumbani au shule tu. Huku shule ililetwa nyumbani. Walimu walikuja kwa wanafunzi.

Na kwetu Unguja, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na fidla za taarabu zinaingia pamoja bila mtu wa fimbo mbele. Wanasikilizana. Ningekuwa wewe, ningekwenda kukaa na wapigaji wa taarabu mwezi mmoja, nisikilize wanavyovuta pumzi kabla ya wimbo.

Kipaji_Kwanza (Arusha)

Mbona hamtaji mashindano? Gustavo Dudamel alishinda mashindano ya waongozaji ya Bamberg, Ujerumani, mwaka 2004, akaanza kuiongoza Los Angeles Philharmonic mwaka 2009. Seiji Ozawa alishinda yale ya Besançon, Ufaransa, 1959. Siku moja tu mlango unafunguka.

CheloMoja (Nairobi)

Kipaji, mashindano yanafungua mlango, ila tazama nani amesimama mlangoni. Dudamel alipofika Bamberg alikuwa na miaka 23, na tangu 1999 alikuwa akiongoza okestra ya vijana ya Venezuela, ile ya mfumo ulioanzishwa na José Antonio Abreu mwaka 1975. Alishasimama mbele ya mamia ya vijana, wiki baada ya wiki, kabla majaji hawajamwona. Kadhalika Leonard Bernstein wa Marekani. Watu husimulia tarehe 14 Novemba 1943, mwongozaji Bruno Walter anaugua mafua, Bernstein, kijana wa miaka 25, anaongoza New York Philharmonic bila mazoezi, redio inarusha nchi nzima. Hawasimulii kwamba alikuwa msaidizi pale, na kazi ya msaidizi ni kuzijua nota zote za programu kana kwamba wewe ndiye utakayesimama usiku huo.

Kwa hiyo nikilinganisha mimi, SautiNne, kila njia naipima kwa kitu kimoja: itanipa saa ngapi mbele ya watu wanaopumua? Mpiga chelo anajifungia chumbani na chelo yake saa nne kwa siku. Wewe ukijifungia chumbani huna chombo. Helsinki ilishinda kwa sababu iliweka okestra mbele ya mwanafunzi. Opera ya Ujerumani inakupa waimbaji kila asubuhi. Kinshasa ilijitengenezea watu wake. Chuo chenye jina kubwa ambacho kinakusimamisha mbele ya piano mbili zinazoshika nafasi ya okestra mwaka mzima na okestra mara mbili, mimi nakiweka chini ya kwaya yako ya Morogoro.

Obo_na_Mwanzi

Nakubaliana, na niongeze kwamba vyuo vingi, hasa Marekani, vitataka video yako ukifanya mazoezi na kundi hai, kamera ikiwa upande wa wapigaji ikitazama uso wako. Huwezi kuipata bila kuwa na kundi. Kwa hiyo kuunda okestra nyumbani na kwenda chuoni si njia mbili. Moja inatangulia.

Kuhusu ile pumzi uliyoambiwa. Sisi wa mdomo tunaihitaji zaidi hata kuliko nyuzi. Kabla ya pigo la kwanza kuna pigo la maandalizi, mkono unapopanda. Humo tunasoma kila kitu: kasi, nguvu, kama sauti ianze kwa upole au kwa kukata. Mkono wako ukipanda kwa kasi moja na kushuka kwa nyingine, sisi 60 tumeshagawanyika kabla hatujatoa sauti. Kwaya yako haikuanguka kwa sababu unavuta pumzi nao unapotaka kuimba. Mbele ya fidla uliacha kuvuta. Jaribu hivi: simama, vuta pumzi kwa pua huku mkono ukipanda, kana kwamba wewe ndiye unayeingia na sauti ya kwanza. Usihesabu.

SautiNne

Nimesoma yote mara mbili, na jana jioni nilijaribu ulichosema, dada Obo, na kwaya kwanza, midomo imefungwa, waingie kwa kuvuma tu. Waliingia pamoja mara nane kati ya kumi. Zile mbili zilizokosa, nilijua mwenyewe kabla hawajaingia.

Nimeamua hivi. Mwaka huu na ujao siombi chuo chochote. Mzee wa chelo amekubali kunifundisha kila Jumamosi, na yule yule amesema kundi lake la nyuzi lina nafasi kiti cha mwisho nikishaweza kupiga. Mazoezi ya piano nimeyahamishia alfajiri, naanza na kusoma mistari minne ya nyuzi peke yake, viola na ufunguo wake ikiwemo. Kwaya pamoja na wapigaji 11 tutakutana mara mbili kwa mwezi, simu ikirekodi kutoka upande wao. Ujerumani nitaijaribu nikiwa na video hizo mkononi.

Fimbo_Fupi, nina ombi. Umesema hukuwa na mtu wa kukusahihisha. Morogoro na Dar si mbali. Ukija Jumamosi moja kwa mwezi, ukae nyuma ya viola na nota mkononi, nitakuandalia usafiri na chakula.

Fimbo_Fupi

Nitakuja. Niandikie mnapiga nini nianze kukisoma.