Mjadala: Windows 11 imeikataa kompyuta ya nyumbani, ihamie Linux au ibaki ilipo?

MLETA MADA

Wakuu, tangu Microsoft waache kuipa Windows 10 apdeti za bure tarehe 14 Oktoba 2025 hili swali haliishi, na majibu mengi ni ushabiki tu, huyu anasema Linux (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) ndio mkombozi yule anasema Linux ni ya mahaka, yaani wadukuzi, mtu anaondoka hajapata msaada. Mimi msimamo wangu nausema mapema: kama mashine bado nzima na Windows 11 imeigomea, ihamishe Linux. Usiitupe, na usibaki na Windows 10 isiyo na apdeti eti kwa sababu huna cha kuibiwa, maana paswedi ya barua pepe tu inatosha mtu kukuharibia maisha.

Kinachoniuma ni vigezo vyenyewe. Windows 11 inataka TPM 2.0, ile chipu ya kutunza funguo za siri, na inataka prosesa iliyo kwenye orodha yao, kwa Intel karibu zote ni kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo mashine ya mwaka 2016 yenye prosesa kali ya i7 na RAM ya GB 16 inakataliwa, halafu mpya yenye Celeron, prosesa dhaifu, na RAM GB 4 inapita, wakati ukizifungua zote mbili kwenye brauza ile iliyokataliwa ndio inakimbia. Sikatai kwamba TPM ina faida ya usalama, inayo, ila kukosa chipu hakufanyi kompyuta iwe takataka. Na matumizi ya nyumbani kwa wengi wetu ni yapi? Brauza, barua, kuangalia video, simu za video, kuprinti. Firefox ipo, Chrome ipo, VLC ya video ipo, LibreOffice ya kazi za ofisi ipo, na Linux Mint, toleo la Linux lililo rahisi, ina menyu palepale chini kushoto ulipoizoea.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu nakupinga, na nakupinga kama mtu ambaye ndiye fundi wa ukoo mzima. Kuinstoo ni kazi ndogo, shida ni ile miaka inayofuata, printa ikigoma usiku anapigiwa nani? Windows kila jirani anaijua, Linux anaijua aliyeiweka peke yake, na siku akisafiri nyumba nzima imekwama. Halafu mambo ya LibreOffice tusidanganyane, barua ya kawaida inafunguka vizuri lakini faili la Word lenye majedwali na picha linahama mistari, ukimrudishia bosi anaona vurugu. Kingine, Microsoft walitoa nafasi ya kujiandikisha upate apdeti za usalama mwaka mmoja zaidi hadi Oktoba 2026, hilo mbona hulitaji? Na jiji la Munich kule Ujerumani walihamia Linux na mafundi wao wa kulipwa, mwaka 2017 baraza likapiga kura warudi Windows. Kama wao walishindwa, mama nyumbani ataweza?

MLETA MADA

Mwaka mmoja ni kuahirisha kaka, ukiisha mashine ni ileile na chipu bado haina. Munich ni kweli walirudi, ila ile ni ofisi yenye programu maalum kibao na siasa zake. Ukitaja Munich taja na polisi wa Ufaransa wale wa Gendarmerie, wana Ubuntu, toleo jingine la Linux, kwenye makumi ya maelfu ya kompyuta, na angalia walivyofanya: mwaka 2005 walianza kubadilisha programu za ofisi kwanza, brauza ikafuata, mfumo wenyewe wakaugusa mwaka 2008 watu wakiwa wameshazoea. Hiyo ndio njia ninayoitetea hata nyumbani. Weka LibreOffice na Firefox ukiwa bado Windows, zitumie mpaka uzizoee, kama majedwali yanakuvurugikia utajua kabla hujafuta kitu chochote.

MCHANGIAJI WA PILI

Nyote wawili mnamsahau anayekula kupitia hiyo kompyuta. Mimi kazi yangu ni Photoshop ya picha na Premiere ya video, Linux hazipo, na kuniambia nitumie GIMP, ile ya picha ya bure, ni kuniambia nianze kujifunza kazi upya wakati mteja anasubiri faili la PSD, lile la Photoshop. Watoto nao, gemu nyingi za Steam, lile duka la gemu, zinacheza tangu Proton, programu ya kuchezesha gemu za Windows kwenye Linux, ije mwaka 2018, lakini Valorant na Fortnite hazikubali kwa sababu ya ule ulinzi wa kuzuia udanganyifu. Kwa hiyo swali la kwanza liwe ni programu gani huwezi kuishi bila hiyo, na ikiwepo hata moja isiyo na mbadala basi mjadala umeisha, baki.

Kwa anayetaka kujaribu, weka Mint kwenye fleshi uwashe kompyuta kupitia hiyo bila kuinstoo, kagua waifai, sauti, kamera, printa, na uilaze uone kama inaamka vizuri. Usihukumu spidi hapo, fleshi ni polepole. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, na kama diski imefungwa na BitLocker, ule ulinzi wa Windows wa kufunga diski kwa siri, tafuta ile funguo ya kurejeshea uiandike pembeni kabla hujagusa chochote, ukiikosa mafaili yako ndio basi tena.

MLETA MADA

Dada kwenye Photoshop na Valorant umenishinda, mtu wa hivyo abaki. Ila wewe kaka hoja yako ya printa siikubali bado, printa nyingi za mtandao za miaka ya karibuni Linux inazitambua bila kuweka draiva (programu ya kuendesha kifaa) yoyote.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Kuprinti sawa, skana je? Na hata ikikubali, kuna kitu hujakigusa: wengi wanaohamishwa hawakuombwa. Kijana anakuja likizo anambadilishia baba mfumo, anaondoka, mzee anatafuta folda zake hazioni na anaona aibu kuuliza. Mwenye kompyuta akiomba mwenyewe nitamwekea Mint leo, asipoomba simgusi.

MLETA MADA

Hapo kwenye kuombwa niko na wewe. Ila umueleze na hatari ya kubaki ndio achague, usimwachie tu kimya.