Kurudisha maji Ruaha Mkuu: hivi ng'ombe tu ndo tatizo?

Wakuu, hili tuliongelee bila ushabiki. Mto Ruaha Mkuu zamani ulikuwa unatiririka mwaka mzima, 1993 ukakatika, toka hapo kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha unakuta mchanga mtupu na viboko wamebanana kwenye tope. Lawama zote kwa mfugaji, 2006 akaondolewa Ihefu, kile kinamasi cha huko juu bonde la Usangu, 2008 pori la akiba la Usangu likaingizwa hifadhini, mto bado ukaendelea kukatika. Sasa mbona ile mifereji ya mpunga huko juu inayoachwa wazi hata kiangazi, shamba halina kitu, hatuisemi?

Mi naona tungejifunza Shinyanga. Pori lilifyekwa kuua mbung'o na kupisha pamba mpaka pakawa kama jangwa, HASHI (mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga) ikaja 1986, na kilichokubali kuliko miche ya vitalu ni ngitili, mambo ya Wasukuma wenyewe, unafunga kipande cha malisho masika unakuja kukifungulia kiangazi nyasi za kwingine zikiisha. Ng'ombe wamebaki palepale. Nyasi zikifunika udongo mvua inazama, inakuja kutokea kwenye chemchemi taratibu, pakiwa peupe inakimbia yote siku hiyohiyo, na udongo wako inaondoka nao.

— Mkuu umeiruka Kondoa. 1979 mifugo ilitolewa yote kule milimani kulikoliwa na makorongo, na kweli nyasi zikarudi, miti ikarudi. Ngitili nzuri ila inataka watu wanaojuana, mwenye ng'ombe mia tano aliyetoka mikoa mitatu huko ataogopa sungusungu wa kijiji chako?

— Zilirudi sikatai, ila ng'ombe hawakuyeyuka, walishushwa tambarare wakaenda kubanana na wa wenzao. Mpaka 1989 ndo ikaanza habari ya kufugia bandani, miaka kumi hiyo watoto wa Kondoa walikunywa maziwa ya nani?

— Mi niko Mbarali, hukohuko Usangu, nalima mpunga heka mbili tu. Mifereji mnayoisema kiangazi kina mama wanachota humohumo ya kunywa, ya kufulia, na mbuzi wanakunywa hapo (najua mtasema ni uchafu, njooni basi na bomba). Banio lenyewe la kuingizia maji mferejini ni mawe na magunia, ukiliziba leo usiku kesho asubuhi limebomolewa na hakuna aliyeona. Tuzibe Septemba sawa, wakachote wapi?