Presha ya 138 kwa 88 katika umri wa miaka 26: je, niache kunyanyua vyuma?

Kijana wa Majengo:
Assalam aleikum. Mimi ni karani katika ghala moja la Shimanzi, na tangu mwaka jana nimekuwa nikinyanyua vyuma jioni uani kwa jirani. Chuma chetu ni bomba lililopachikwa madebe mawili ya rangi yaliyojazwa saruji, na uzito wake twaukadiria kwa macho tu. Hivi karibuni nilipimwa presha nikapata 138 kwa 88, na siku tatu baadaye 136 kwa 86. Daktari hakunipa dawa. Aliniambia nipunguze chumvi na nifanye mazoezi, lakini hakutaja mazoezi gani. Mama, ambaye babake alipooza kwa kiharusi, amenikataza kabisa akisema kwamba vyuma vitanipasua mshipa. Naomba ushauri wa wanaojua.

Muuguzi wa Tudor:
Waleikum salaam, mwanangu. Kwa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017, presha ya juu huanzia 130 kwa 80, ilhali nchi nyingi bado huihesabu kuanzia 140 kwa 90. Wewe umo katikati, na yamkini ndiyo sababu hukuandikiwa dawa. Kabla ya kugusa suala la vyuma, nakuuliza: ulipimwa ukiwa umetulia? Ni lazima mtu akae dakika 5, ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na asiwe amekunywa kahawa wala kufanya mazoezi katika nusu saa iliyotangulia. Wengi hupimwa wakitweta kwa kupanda ngazi, wakarudi nyumbani na hofu. Mweleze daktari pia kama watumia ibuprofeni kwa maumivu ya misuli, au sindano na vidonge vya kuongeza mwili, kwa maana hivyo hupandisha presha. Na kwa umri wako, si vibaya kuuliza kama figo zapaswa kuchunguzwa.

Mzee wa Barazani:
Msikilize mamako. Tembea kila jioni hadi ufuoni pale Mama Ngina, upunge upepo wa bahari, urudi. Vyuma ni vya wenye afya.

Mkufunzi wa Bondeni:
Shikamoo, mzee wetu. Kutembea sikukatai hata kidogo, lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na juu ya hayo ayape misuli kazi angalau siku 2.

Hofu ya mama ina asili yake. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliipima presha ndani ya mishipa ya wanyanyuaji wazoefu walipokuwa wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu, wakapata wastani wa 320 kwa 250. Misuli iliyokazwa huibana mishipa ya damu, na mtu anapofunga koo na kubana pumzi, shinikizo la kifuani huongezeka juu ya hilo. Uzito ukishawekwa chini, presha hushuka kwa sekunde chache. Kwa hiyo jambo la kujihadhari nalo ni uzito uliopita kiasi pamoja na pumzi iliyobanwa, na yote mawili yamo mikononi mwako.

Chagua uzito unaoweza kuunyanyua mara 12 hadi 15 huku ukihisi ungeweza kuongeza nyingine mbili tu. Toa pumzi unapopandisha, ivute unaposhusha, na upumzike dakika moja au mbili kabla ya kurudia. Siku 2 au 3 kwa wiki zatosha. Ubaya wa madebe ya saruji ni kwamba hayapunguziki. Dumu la lita 5 lililojaa maji ni kama kilo 5, na likikuzidi, unamwaga kidogo.

Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2023, yaliyojumlisha majaribio 270, yalionyesha kwamba mazoezi ya uzito hushusha presha ya mtu akiwa ametulia kwa takriban 4.5 kwa 3, na kwamba yale ya kukaza misuli bila kusogea huishusha kwa takriban 8 kwa 4. Haya unaweza kuyafanya sebuleni: egemea ukuta, shuka kana kwamba umekalia kiti, kaa hivyo hivyo dakika 2, mara 4, siku 3 kwa wiki, ukipumua muda wote. Mapaja yatawaka moto, usishangae.

Presha ikiwa imepita 160 kwa 100 muone daktari kwanza, na ikipita 180 kwa 110 usinyanyue kitu. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikikushika, acha papo hapo.

Kijana wa Majengo:
Nashukuruni nyote. Muuguzi, umenipata: mara ya kwanza nilikuwa nimetoka tu kunywa kahawa chungu, vikombe viwili. Jana tulikipeleka chuma chetu kwa muuza makaa tukakipima kwenye mizani yake; ni kilo 47, nasi tulikuwa tukiapa kuwa ni 30. Nimeanza na madumu mawili. Mama amekubali kwa sharti kwamba akae mlangoni, na kila anaponiona nimevimbisha mashavu hunipigia kelele, "Toa!"