Naombeni ushauri: nitengeneze kindege au niuze vipuri?

Wakuu, habari za jioni. Mimi na shemeji yangu tuna Cessna 172 ya viti vinne. Mwezi uliopita ilitua vibaya kwenye kiwanja cha vumbi upande wa Kondoa. Gurudumu la mbele likakunjika, propela ikachimba ardhi, injini ikazima palepale. Hatukuumia, tunashukuru.

Propela yenyewe si shida. Shida ni injini, ni Lycoming, na mtengenezaji anataka ikishapigwa hivyo ifunguliwe yote ikaguliwe nyufa, hata kama inawaka vizuri. Tena fundi alipofungua boneti akanionyesha bati la ukuta nyuma ya injini, lina makunyanzi. Nikapitisha kidole, nikanyamaza.

Injini ilibakiza kama saa 300 za kuruka kufika 2,000 za ovaholi, yaani kufunguliwa yote na kufanyiwa matengenezo makubwa. Sasa nikiifungua, si bora nimalize kabisa? Shemeji anasema tuuze mabawa na redio, bado ni vizima. Bima yetu ni ile ndogo (msinicheke). Na Dodoma hii, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na jua la Oktoba, hewa ni nyepesi na nguvu inapungua, injini ya kubahatisha siitaki.

Aliyewahi kurudisha ndege kwenye ukaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga baada ya ajali kama hii, alianzia wapi?