Elki mara ya kwanza nje ya jimbo: Colorado, Wyoming au Montana?

Mlima_Mpya
Wakuu habari za humu. Nimewinda kulungu wa mkia mweupe hapa kwetu misimu kadhaa, sasa mwaka huu nimeamua niende milimani nikatafute elki, yule kulungu mkubwa wa huko, mimi na shemeji yangu. Nimebaki na majimbo matatu, Colorado, Wyoming na Montana. Kila nikisoma nachanganyikiwa zaidi, mara pointi za kulimbikiza, mara droo ya leseni, mara leseni unayonunua tu dukani bila droo. Mtu anayeanza mngemwelekeza wapi? Nataka nilipie wiki hii.

KasongoKY
Ndugu, kulipia nini sasa. Hujasema unakaa jimbo gani, bunduki au upinde, mfuko wako unasemaje, mnaenda wenyewe au na muongozaji. Bila hayo kila mtu humu atakupeleka kwake.

Nyambura_MN
Na cheti cha mafunzo ya uwindaji je? Colorado kama umezaliwa 1949 na kuendelea hupati leseni bila hicho. Pia karatasi zako ziko aje? Green card haina shida, lakini wenye viza ya muda sheria ya shirikisho inawazuia kushika bunduki isipokuwa wawe na leseni halali ya kuwinda, na hiyo leseni utembee nayo. Naulizia kwa sababu watu wetu wengi hawajui.

Mlima_Mpya
Samahani dada. Niko Des Moines, Iowa, green card (ukaazi wa kudumu), cheti ninacho. Bunduki. Bajeti dola 2,500 kila mtu kila kitu ndani. Shemeji ana pikapu. Wenyewe, bila muongozaji, labda watu wa kampuni watupeleke tu na farasi.

Mzee_wa_Milima
Basi Colorado, tena nasema bila kusita. Ndiyo jimbo lenye elki wengi kuliko yote Marekani, wanakadiriwa karibu 280,000, na kwa bunduki msimu wa pili na wa tatu, mwisho wa Oktoba na Novemba, leseni ya dume bado unanunua bila droo sehemu nyingi, zinaanza kuuzwa Agosti. Mgeni, yaani asiye mkazi wa jimbo, analipa zaidi ya dola 800. Kutoka Des Moines mpaka Denver ni mwendo wa saa kumi hivi. Usidanganywe na video za zamani za upinde, tangu 2025 mgeni wa upinde upande wa magharibi wa barabara kuu ya I-25 lazima aingie droo. Na ujue kuhesabu pembe, sehemu nyingi dume halali ni mwenye ncha nne upande mmoja au ile ncha ya mbele iwe na inchi tano.

TembaRider
Mzee hajasema watu wamejaa kiasi gani huko. Msimu wa pili Colorado unaamka saa tisa usiku unapanda kilima, kukipambazuka unaona makoti ya chungwa ya wawindaji kila upande. Wyoming ndio kwenye uwindaji, leseni ya kawaida ya mgeni dola 692 na 15 za maombi, na sehemu za general, zile za leseni ya jumla, ni pana, unahama ukitaka.

Nyambura_MN
Temba mwambie na ile nyingine. Asilimia 75 ya leseni za wageni Wyoming zinaenda kwa wenye pointi nyingi, 25 ndio bahati nasibu. Huyu hana pointi hata moja. Na maombi yanafungwa mwanzoni mwa Februari, yaani ni sasa hivi. Tena maeneo ya wilderness, yaani pori la shirikisho lililohifadhiwa bila barabara, mgeni haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa bila muongozaji mwenye leseni au mkazi wa hapo aliyechukua kibali cha kumsindikiza. Hiyo ndiyo inayonikasirisha kabisa, msitu ni wa shirikisho, kodi tunalipa wote, kupanda mlima peke yako unaruhusiwa, kuwinda hapana.

TembaRider
Sheria ni sheria dada. Nje ya wilderness kuna ardhi ya umma tele.

KasongoKY
Mimi nawashangaa, kila mtu magharibi. Kentucky iko na elki! Waliletwa kutoka magharibi kuanzia 1997, wakawekwa kwenye milima ya makaa ya mawe upande wa mashariki, leo ndilo kundi kubwa kuliko yote mashariki ya mto Mississippi. Maombi ni dola 10 tu, mpaka mwisho wa Aprili. Unalala kwa watu, unakula ugali, hakuna kichwa kuuma sababu ya milima mirefu.

Mzee_wa_Milima
Kasongo hiyo ni droo ngumu sana na wageni hawapewi zaidi ya asilimia kumi. Aombe, ni dola kumi, lakini asiipangie likizo.

Shaka_Boise
Idaho mbona hamuitaji? Leseni mtandaoni Desemba mosi, unasubiri foleni, unalipa.

Nyambura_MN
Hiyo imeisha kaka. Kuanzia msimu wa 2026 wageni Idaho ni droo, na maombi yalikuwa Desemba.

BabaZawadi
Niingilie hapo kwenye "watupeleke na farasi", maana hapo ndipo nilipolia. Tulikuwa watatu, tukapata kampuni Colorado, jina silitaji. Makubaliano wanatupandisha na hema, sisi tunawinda wenyewe, tukipata mnyama tunawapigia wanakuja na farasi kuteremsha nyama. Pesa walichukua nusu mapema. Siku ya kupanda walichelewa mpaka mchana, hema lenyewe limechanika, jiko halina bomba la moshi, wakatuweka bondeni karibu kabisa na njia wanayopita watu wote. Tukakaza. Mwenzetu mmoja kichwa kikaanza kumgonga na kutapika, tulikuwa zaidi ya futi 10,000 na tulitoka nyumbani tukapanda moja kwa moja bila kulala mjini hata usiku mmoja kama walivyotuhimiza ili wawahi kundi lingine. Basi siku ya tatu mdogo wangu akaangusha dume, dume la maana, jua kali mchana ule ingawa ni Oktoba. Tunapiga simu ya setilaiti, wanasema kesho asubuhi. Kesho hawakuja. Tulishachuna tukatundika kivulini lakini mapaja tuliyaacha na mfupa, na farasi walipokuja siku iliyofuata tena jioni nyama ya nyonga karibu na mfupa ilikuwa imeshaharibika, harufu ile huisahau. Mapaja yote mawili tukapoteza. Kurudi mjini askari wa wanyamapori ndiye anatuambia kampuni ile haina kibali cha Huduma ya Misitu kufanya kazi eneo lile. Colorado kila kampuni ya uwindaji lazima isajiliwe na jimbo, na ikifanya kazi kwenye msitu wa shirikisho iwe na kibali cha huko pia. Omba namba zote mbili kabla hujatuma hata dola moja, halafu piga simu mwenyewe kuhakikisha.

Mlima_Mpya
Pole sana baba. Kwa hiyo bila farasi inawezekana?

BabaZawadi
Inawezekana ila dume likitolewa mifupa linakupa nyama kilo 70 hadi 100, na pembe juu yake. Watu wawili ni safari mbili tatu kila mmoja, kwenye mteremko. Ndiyo maana nasema msiende zaidi ya maili mbili kutoka kwenye pikapu, na nyama itolewe mfupa usiku uleule.

Abuu_Rayyan
Naomba kuuliza wakuu, nyama hiyo kwa Waislamu mnafanyaje? Risasi imemuua kabla hujamfikia.

Mwalimu_Tanga
Shekhe, unasema Bismillahi wakati wa kufyatua, risasi ikatoboa ikamuua, masheikh wengi wa leo wanaihalalisha kama windo la mshale lilivyo. Ukimkuta bado ana uhai ndio unachinja. Muulize imamu wako, maana wapo wanaokaza zaidi.

Abuu_Rayyan
Ahsante. Familia yangu wanakataa kula kulungu wangu mpaka leo.

TembaRider
Turudi. Bunduki gani unayo wewe wa Iowa? Si huko mnawindia shotigani?

Mlima_Mpya
Ndiyo, shotigani ya slagi, ile risasi moja nene. Ya milimani sina, nafikiria kununua .30-06.

Mzee_wa_Milima
.30-06 inatosha na inabaki. Colorado wanataka risasi isiyopungua .24 na uzito grein 85. Ila anza mazoezi sasa, yadi 200 umelala, umekaa, umeegemea begi huku unahema.

Shaka_Boise
Nunua .300, elki ni mgumu.

Mzee_wa_Milima
.300 inampiga bega mtu mpya mpaka anaogopa kufyatua. Elki wengi wamekufa kwa .270.

Shaka_Boise
Wengi pia wamejeruhiwa wakapotea.

Nyambura_MN
Montana mmeisahau. Leseni ya pamoja ya elki na kulungu ni kama dola 1,300, maombi mwisho Aprili mosi, msimu wa bunduki ni wiki tano mpaka baada ya sikukuu ya Thanksgiving mwishoni mwa Novemba. Na kuna mpango wa Block Management, wenye mashamba wanaruhusu kuwinda kwao bure. Ila sehemu nyingi kuna dubu wa grizzly, beba dawa ya kupulizia.

TembaRider
Montana chunga pia mambo ya kona za ardhi. Ardhi ya umma na ya mtu zimepangwa kama ubao wa drafti, Wyoming ukivuka kwenye kona kutoka mraba wa umma kwenda mwingine sasa ni halali, mahakama ya rufaa ya 10 ilishaamua Machi 2025 kesi ya wale wawindaji wa Missouri kule Elk Mountain. Montana iko chini ya mahakama nyingine, uamuzi ule haufiki.

KasongoKY
Kwani kona hujagusa ardhi ya mtu, kosa liko wapi?

TembaRider
Mwenye shamba alidai hewa iliyo juu ya kona ni yake.

KasongoKY
Hewa!

Mlima_Mpya
Nimeongea na shemeji. Yeye anataka tutume Wyoming kabla haijafungwa, tukikosa tununue Colorado Agosti. Mimi Montana imeniingia sasa kwa zile wiki tano. Ila 1,300 kwa bajeti yetu na bunduki bado sijanunua...

Nyambura_MN
Mkikosa Wyoming hakikisheni mmenunua pointi, dirisha la pointi liko Julai mpaka Oktoba.

BabaZawadi
Na ulizieni kwenu Iowa sheria ya kuingiza mzoga, majimbo mengi hayataki ubongo na uti wa mgongo kwa sababu ya CWD, ule ugonjwa wa ubongo unaoua kulungu na elki. Nyama iliyotolewa mifupa haina tatizo. Friza mnayo?

Mlima_Mpya
Ipo ndogo, imejaa samaki wa mama mkwe.